Arthur Covington, Mlinzi wa Jua

Askari hufundishwa kwamba lindo haliachwi, hata usiku ambao adui haonekani. Leo tunamkumbuka mtaalamu aliyeishika kanuni hiyo bila kubeba bunduki: marehemu Arthur Covington wa Kanada.

Alizaliwa mwaka 1913 katika mji wa Regina. Tangu ujana alipenda mitambo ya redio, akafanya kazi ya redio melini ili ajilipie masomo. Mwaka 1942, vita kuu vikiwa vimepamba moto, Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada lilimwajiri katika kazi ya rada karibu na Ottawa.

Vita vilipokwisha, rada nyingi zilibaki bila kazi. Bwana Covington na wenzake walichukua sahani ya rada ya kulengea mizinga ya kutungulia ndege, yenye upana wa mita 1.2 hivi, wakaielekeza juani. Mtambo ulinasa mawimbi ya sentimeta 10.7. Urefu huo haukuchaguliwa kwa ajili ya jua. Ndio uliotumiwa na rada.

Tarehe 23 Novemba 1946 jua lilipatwa kwa sehemu. Mwezi ulipofunika kundi kubwa la madoa ya jua, nguvu ya mawimbi ilishuka sana. Ndipo ilipobainika kwamba mawimbi mengi yalitoka juu ya madoa hayo, penye sumaku kali na gesi yenye joto la kupita kiasi.

Tangu mwaka 1947 kipimo hicho huchukuliwa kila siku. Mawingu yanayoiziba darubini ya macho hayayazuii mawimbi hayo. Bwana Covington alistaafu mwaka 1978 na kufariki mwaka 2001, lakini zamu haikuvunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi hiyo ilihamishiwa Penticton, magharibi ya Kanada, na ingali ikiendelea.

Jambo hili linatugusa. Jua likichafuka, tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi mafupi ardhini hubadilika, na askari wa mawasiliano huenda asisikike kambini. Hewa ya juu nayo hutanuka, ikazipunguzia mwendo setilaiti na kuzishusha. Wanaotabiri mambo hayo hutegemea tarakimu alizoanza kuziandika Bwana Covington.

Tarakimu ya siku moja ni ndogo. Iliyoipa thamani ni kule kutokosa siku, na hilo walinzi wetu wanalifahamu kuliko sisi.