Édouard Michelin na pine ya kuvuliwa

Édouard Michelin alizaliwa Paris mwaka 1859. Alisomea kuchora, kisha akaongoza kiwanda cha mpira cha familia kule Clermont-Ferrand. Mwaka 1889 mwendesha kinga mmoja aliwaletea pine ya Dunlop iliyotoboka. Pine ile ilibandikwa kwa gundi. Waliitengeneza saa nyingi, kesho yake ikaisha upepo tena. Mwaka 1891 Michelin akatoa pine ya kuvua na kurudisha. Juu ya ile akili, leo ndugu zetu wenye kinga za mizigo wanabadilisha pine kando ya njia, Kasongo mpaka Kindu. Michelin alikufa mwaka 1940, jina lake limebaki kwenye pine. Lakini wazee wetu, waliolazimishwa kugema mpira msituni wakati wa Léopold II, majina yao yaliandikwa wapi?