Hannes Schneider, mwalimu wa thelujini

Sisi watu wa pwani theluji twaijua kwa kusikia, au kwa kuiona kileleni mwa Kilimanjaro tukiwa safarini kwenda bara siku ya mbingu safi. Lakini wako watu ambao kwao theluji ni kama bahari ilivyo kwetu. Huwafungia njia miezi kadhaa, na asiyejua kuisafiria hana budi kukaa ndani. Miongoni mwa watu hao alizaliwa Hannes Schneider, tarehe 24 Juni 1890, katika kijiji cha Stuben kwenye milima ya Arlberg, magharibi ya Austria.

Baba yake alikuwa mtu wa kutengeneza barabara ya mlimani. Mali hawakuwa nayo. Kijana aliona wageni wakiteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni, ambazo huitwa ski, naye akajitengenezea zake. Bwana mmoja wa Bregenz, Viktor Sohm, alimwona ana kipawa akamfundisha. Mwaka 1907, Hannes akiwa na umri wa miaka 17 tu, Carl Schuler, mwenye Hoteli Post katika mji wa St. Anton, alimwajiri awafundishe wageni wake. Basi akawa mwalimu wa watu wengi waliomzidi umri, elimu na fedha.

Ilimpasa kwanza ajue la kufundisha. Mtindo uliosifika siku zile ulitoka Norway. Mtelezaji alisimama wima, na alipotaka kugeuka alitanguliza mguu mmoja na kukunja goti la mguu wa nyuma. Katika vilima vya Norway ulifaa, lakini katika miteremko mikali ya Arlberg uliwaangusha watu. Mwalimu mwingine wa Austria, Mathias Zdarsky, alikuwa na njia yake ya kutumia fimbo moja ndefu. Hiyo ilikuwa ya salama, ila ya polepole.

Schneider alizipima zote mlimani, msimu baada ya msimu. Akaona kuwa mtu akikunja magoti, akainama na kutupa uzito wake mbele, huweza kwenda mbio asipoteze amri ya miguu yake. Hofu ya mwanadamu humvuta kuegemea nyuma, nako nyuma ndiko aangukiako. Kwa hiyo kazi ya mwalimu ilikuwa kuitibu hofu kwanza.

Dawa yake ilikuwa utaratibu. Kama vile mtoto chuoni aanzavyo kwa alifu na be, na hapewi msahafu mpaka ajue kuunga herufi, ndivyo Schneider alivyowapanga watu wake. Mwanafunzi mpya alifundishwa kukaribisha ncha za mbele za ski na kuzitawanya za nyuma, zikawa kama kabari, ili apunguze mwendo na kusimama. Kisha akafundishwa kugeuka kwa kabari hiyo hiyo. Mwishowe alianza mgeuko kwa kabari na kuumaliza ski zote mbili zikiwa sambamba, kwa mwendo wa kasi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo alifundisha askari wa milimani, alianzisha skuli yake hapo St. Anton. Kila asubuhi wanafunzi waligawanywa kwa uwezo wao, si kwa vyeo vyao. Tajiri asiyeweza kusimama alikaa darasa la chini, na karani aliyejua kugeuka akapanda la juu. Walimu wote walifundisha somo moja kwa namna moja, hata mgeni akibadilishiwa mwalimu asipotee. Kabla ya hapo mchezo huu ulikuwa wa mashujaa wachache. Sasa hata mwenye mwili mzito na moyo mwepesi aliweza kuujua.

Sifa zake zilienea. Alionekana katika sinema za Arnold Fanck, mwaka 1928 akashirikiana na Mwingereza Arnold Lunn kuanzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar, na mwaka 1930 akaalikwa Japani kufundisha.

Ndipo ikaja Machi 1938, Hitler alipoimeza Austria. Schneider hakuwa mtu wa Manazi, wala hakuuficha urafiki wake na Rudolf Gomperz, mhandisi mwenye asili ya Kiyahudi aliyejitahidi sana kuuleta mji wa St. Anton machoni mwa wageni. Mara tu walipoingia walimkamata na kumfunga Landeck. Alipotolewa baada ya majuma machache, hakuruhusiwa kurudi kwake. Aliwekwa Garmisch, Ujerumani, chini ya uangalizi. Skuli aliyoijenga ikaenda mikononi mwa wengine.

Wema hauozi. Mbinu zake zilikuwa zimekwisha vuka bahari pamoja na vijana aliowafunza, na mmoja wao, Benno Rybizka, alikuwa akifundisha huko New Hampshire, Marekani. Tajiri wa benki aliyezaliwa North Conway, Harvey Gibson, alikuwa na usemi katika madeni ambayo Ujerumani ilidaiwa na mabenki ya Marekani. Akautumia usemi huo kumwombea mwalimu njia. Februari 1939 Schneider, mkewe na watoto wao wawili walishuka garimoshi North Conway, wakapita chini ya fimbo za ski zilizoinuliwa na watoto kwa safu mbili.

Gomperz hakupata wa kumwombea. Mwaka 1942 alichukuliwa kutoka Vienna akauawa karibu na Minsk.

Schneider, aliyekaribia umri wa miaka 50, alianza upya kwenye mlima Cranmore, akipanga madarasa kama zamani. Mwanawe Herbert alipigana vitani katika jeshi la milimani la Marekani, kisha akairithi skuli. Mzee alifariki huko huko tarehe 26 Aprili 1955.

Mitindo imebadilika tangu hapo, na ski zenyewe si zile za mbao. Lakini nenda leo kwenye mteremko wowote wa wanaoanza, utamkuta mtoto amekunja magoti, ametawanya ncha za nyuma, anashuka taratibu, na mwalimu yuko chini yake akimngoja.