Samuel Coleridge-Taylor: Aliuza wimbo kwa pauni 15, ukaimbwa dunia nzima

Leo nawaletea mtunzi ambaye vijana wengi hatumjui, ingawa baba yake alikuwa Mwafrika na piano yake ilibeba nyimbo za Afrika. Anaitwa Samuel Coleridge-Taylor.

Alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Taylor wa Sierra Leone, alikwenda Uingereza kusomea udaktari, akarudi Afrika kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Alice, Mwingereza, akamlea Croydon. Dogo alianza na violini, na akiwa na miaka 15 tu akaingia Royal College of Music.

Mwaka 1898 akatoa Hiawatha's Wedding Feast, kazi ya kwaya na okestra. Jamani, ilitisha! Kwaya za Uingereza na Marekani zikaigombania. Sasa sikieni kasheshe: haki zote aliziuza kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Nakala zikauzwa maelfu kwa maelfu, yeye hakuongezewa hata senti. Ikabidi aendelee kufundisha na kuongoza kwaya ili familia ile.

Kazi inayonigusa zaidi ni ya 1905, 24 Negro Melodies. Alichukua nyimbo 24 za asili za Afrika na za watu weusi wa Marekani na Karibi, akazipangia piano. Anaanza na wimbo kama ulivyo, halafu anaugeuza: mara polepole, mara mbio, mara unahamia mkono wa kushoto. Ukitega sikio bado unausikia ule ule. Mmoja ni wa Waronga wa Msumbiji, wa mwanamke asiye na mtoto anayelalamika kwamba hakuna anayemwazima wa kulea. Utangulizi wa kitabu aliuandika Booker T. Washington.

Hakujificha kwenye muziki tu. Mwaka 1900 alihudhuria mkutano wa Waafrika uliofanyika London, na 1904 alikaribishwa Ikulu ya Marekani na Rais Theodore Roosevelt.

Nimonia ilimwondoa tarehe 1 Septemba 1912, akiwa na miaka 37 tu. Alimwacha mkewe Jessie na watoto wawili. Mfalme George V akampa mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Mwaka 1914 Waingereza wakaanzisha chama cha kukusanya malipo ya watunzi, na mpaka leo kisa cha Samuel hutajwa kama funzo.

Sasa tuje kwetu. Hapa Nangara kuna nyimbo za Wagorowa na Wairaqw, za kubembelezea watoto na za kuchezea. Kesho mtu akizipeleka studio zikapiga bao, nani atalipwa? Na yule mama wa Kironga aliyeuimba wimbo wake kabla haujafika kwenye piano, naye alistahili nini? Mimi naona Samuel aliziheshimu, maana alisema wazi zimetoka wapi. Lakini heshima peke yake haishibishi.

Wewe unayerekodi, usisaini karatasi ya kuuza kila kitu kwa hela ya siku moja. Soma mkataba, kasajili kazi yako COSOTA.

Mnasemaje wadau? Wimbo wa asili ni wa nani? Uwanja ni wenu.