Teresa na mtawa aliyemkera



Teresa wa Mtoto Yesu alizaliwa Alençon, Ufaransa, mwaka 1873. Aliingia Karmeli ya Lisieux mwaka 1888, ana miaka 15 tu. Tusidhani humo ndani kulikuwa mbinguni! Siku moja wakiwa wanafua, mwenzake akawa anamrushia maji machafu usoni. Teresa alitaka kurudi nyuma ajifute, yule aone kosa lake. Akajizuia, akaendelea kufua.

Kulikuwa na mtawa mwingine aliyemkera kwa kila kitu. Teresa akaamua kumwombea na kumsaidia. Akitaka kumjibu vibaya, anatabasamu. Ikimshinda kabisa, anakimbia! Mwishowe yule mtawa akamuuliza, hivi unanipendea nini?

Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1897, na miaka 24. Hakutoka tena monasterini, lakini mwaka 1927 Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa misheni.

Naandika haya sufuria ya mwenzangu wa chumbani ipo hapa, haijaoshwa tangu juzi. Ngoja nikaioshe, tena bila kumwambia.

Mtakatifu Teresa, utuombee.