Artashasta, Mfalme Aliyeogopa Hasira ya Mungu

Jumapili tuliposoma Ezra 7, wengine mlinishika mlangoni mkiuliza huyu Artashasta ni nani hasa.

Alikuwa mwana wa Ahasuero, yule wa kitabu cha Esta, mwenye majimbo 127 kutoka Bara Hindi mpaka Kushi, yaani hata huku Afrika. Mwaka wa 465 KK Ahasuero aliuawa na mkuu wa walinzi wake mwenyewe. Kaka yake Artashasta, Dario, naye akauawa katika vurugu hizo, na kijana akaketi kwenye kiti chenye damu mbichi. Miaka michache baadaye Misri ikaasi.

Sasa fungua sura ya 7 ukiwa na hayo akilini. Ni mwaka wa 7 wa utawala wake, 458 KK. Anamruhusu Ezra kwenda Yerusalemu, na kuwaagiza waweka hazina wampe fedha hadi talanta 100, karibu tani 3, tena ngano, divai, mafuta, na chumvi bila kipimo. (Hapa sokoni kwetu hata omena inapimwa kwa gorogoro!) Makuhani na waimbaji, mpaka wabawabu wa hekalu, wasitozwe kodi. Sababu aliandika mwenyewe: hakutaka hasira ya Mungu impate yeye na wanawe.

Mimi nilisomea biashara, na nikiona matumizi kama haya nauliza, huyu ananunua nini? Alikuwa analipa bima. Baba ameuawa, kaka ameuawa, Misri inawaka. Soma barua yake yote: anamtaja Mungu wa mbinguni, Mungu wa Israeli, Mungu wa Ezra. Mungu wangu, hasemi hata mara moja.

Nasema haya kwa upole, maana hata kwetu kuna mtu hutoa zaka mwezi ambao mashua imerudi tupu, kwa kuogopa tu nyavu zisilaaniwe. Na pengine ni sisi wahubiri tuliomfundisha hivyo.

Mungu hakuikataa fedha ya mfalme. Ezra aliipokea akimshukuru Bwana aliyeugusa moyo wake. Lakini askari aliona haya kuomba. Alifunga pale mto Ahava, kisha akasafiri na mzigo ule wote. Safari nzima kutoka Babeli ilichukua miezi 4.

Hofu ya Artashasta ilikuwa na pande mbili. Alipoandikiwa kwamba mji ukijengwa Wayahudi hawatalipa kodi, alisimamisha ujenzi, kama ilivyo Ezra 4. Tena mwaka wa 445 KK ni yeye aliyempa Nehemia barua za mbao na wapanda farasi wa kumsindikiza.

Alifariki mwaka wa 424 KK baada ya miaka 40 hivi kitini. Mwanawe aliyemrithi alitawala siku 45, akauawa na ndugu yake. Huyo ndugu naye akauawa na ndugu mwingine.