Daktari wa jicho moja aliyefumbua siri ya uvimbe wa taya

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Dkt Hugh Trowell, amtazame mtoto aliyevimba uso. Mataya yote mawili yalikuwa yamefura, kulia na kushoto. Halikuwa jipu wala jino bovu. Muda si mrefu, akiwa Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alipompima, alikuta uvimbe mwingine tumboni. Hapo akatambua kuwa huu ni ugonjwa mmoja.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland, na utotoni alipoteza jicho moja. Alisomea udaktari Dublin, akatumikia jeshi la Uingereza hapa Kenya wakati wa Vita vya Pili, kisha mwaka 1946 akahamia Uganda.

Ili ajue ugonjwa ulikoenea, alituma barua kwa mamia ya hospitali. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walifunga safari ya gari kuukuu, takriban kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini. Waligundua kuwa saratani hii hufuata nchi za joto na mvua, penye malaria, ukiwemo mwambao wetu, na ni adimu nyanda za juu zenye baridi.

Kisu hakikufaa, na mionzi haikuwepo Uganda. Burkitt akajaribu dawa, na uvimbe ukanywea kwa siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa, zama ambazo wengi hawakuamini kuwa dawa pekee zaweza kuponya saratani. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake wakagundua kirusi ndani ya uvimbe huo.

Burkitt alifariki mwaka 1993, lakini ugonjwa unaobeba jina lake ungalipo. Hukua upesi mno, na uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Basi mzazi, ukiona taya la mwanao limefura na meno yanalegea, usiridhike na kung'oa jino na kungoja. Mfikishe hospitali kubwa, akatwe kipande kidogo kipimwe kwa darubini. Akiwahi dawa, mara nyingi hupona.