Paul Bomani na mizani ya mkulima wa pamba

Mfanyabiashara wa Pasiansi anayefuata dagaa Mwaloni Kirumba anajua kuwa muuzaji mwenye mnunuzi mmoja hana sauti katika bei. Marehemu Paul Bomani aliliona jambo hilo mapema, kwenye pamba.

Alizaliwa Ikizu, Musoma, mwaka 1925. Baada ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, alikuja Mwanza mwaka 1947 kufanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Wakati huo pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kiasia wenye vinu vya kuchambulia, na kilio kikubwa kilikuwa mizani. Mkulima aliyepunjwa kilo chache katika kila mzigo alikuwa hana pa kwenda. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao. Hapo ndipo ushirika ulipoota, kabla ya siasa.

Bomani alizunguka vijijini kuunganisha vyama, akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na mwaka 1955 akawa meneja mkuu wa Victoria Federation of Co-operative Unions. Hadi mwisho wa miaka ya 1950, ushirika ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba yote ya Kanda ya Ziwa na kumiliki vinu vyake.

Kwa maoni yangu, ushindi huo ulibeba tatizo. Ushirika ulimsaidia mkulima ulipokuwa unashindana na wanunuzi wengine. Ulipobaki peke yake, gharama zilipanda na malalamiko ya malipo yakaongezeka. Tume ya Rais ilichunguza vyama mwaka 1966, na mwaka 1976 Serikali ikavifuta.

Bomani mwenyewe alikuwa ameshahamia serikalini: Waziri wa Kilimo, kisha Fedha, na kuanzia 1972 Balozi nchini Marekani kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 1994 soko lilifunguliwa tena. Wanunuzi binafsi walileta fedha taslimu, ingawa tusisahau kuwa mchanga na maji navyo viliingia kwenye pamba, maana kila mnunuzi aliogopa kumkataa mkulima. Bomani alifariki mwaka 2005, pamba ikiwa bado mikononi mwa wengi.

Msimu wa 2018 Serikali iliagiza pamba iuzwe kupitia AMCOS. Mwaka uliofuata bei ya dunia ilishuka, na wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo ya pamba waliyokwisha kuipima.